Waya wa Nne

Nitaanza na kikapu, maana fomu nayo imeanza na kikapu.
Jina la kifaa. Idadi. Sababu ya kuharibika.
Kikapu kimoja. Nyaya nne, kila mmoja mwembamba
kuliko unywele wa mtoto aliyenyolewa juzi.
Kikifungwa hupita kwenye mrija wa mkojo kimyakimya;
kikifika juu huchanua, kama ua la kiazi.

Kwenye pakiti yake imeandikwa: tumia mara moja, tupa.
Sisi tumekitumia mara kumi na moja.
Nilikiosha mwenyewe, maji vuguvugu, mswaki laini,
na kila jioni nikazihesabu nyaya zake
kama mtu anayehesabu vifaranga
mwewe akishapita.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa umekalia Gangilonga.
Luvanda, mpakia mbao wa Mafinga,
alipanda mezani akiuliza kama jiwe lake
atapewa, akawaoneshe watoto.
"Mawe Iringa yamejaa," Daktari Chaula akamjibu,
"mimi nitakupa vumbi."

Kwenye skrini lilikuwa jeusi, lina miiba,
limejikunyata pembeni mwa figo
kama nungunungu aliyesikia mbwa.
Tukalitia kikapuni. Likagoma kutoka.
Mlango mwembamba, nalo limenenepea humo
miaka sita ya jua na kiu.
Tukataka kuliachia. Limekwisha kujinasa.
Ndipo akaomba leza.

Ule mwali hauna kelele. Tik. Tik. Tik.
Utadhani mtu anabangua karanga chumba cha pili.
Vumbi likatimka, maji yakawa maziwa,
na ndani ya maziwa yale huoni
jiwe linaishia wapi, waya unaanzia wapi.
Mwali hauulizi.
Tik,
na waya wa nne ukainuka, umekatika,
ukaitazama kamera kama mwiba wa samaki.

Daktari akaondoa mguu kwenye pedali.
Mashine ya usingizi ikaendelea na hesabu zake.
"Zimebaki tatu," nikasema,
ingawa hakuna aliyeuliza.

Mama yangu alisuka vikapu vya milulu.
Mmoja ukikatika hakusonya;
aliulowesha mwingine mdomoni,
akauchomeka kando ya jeraha, akaendelea na hadithi,
na mnunuzi wa mjini hakujua.
Naapa, nilikuwa naitazama ile skrini
nikitafuta pa kuchomeka.

Dakika arobaini.
Tukakata mpini, tukachomoa kamera,
tukairudisha kupitia kando ya nyaya,
tukalivunja jiwe humo humo mtegoni,
chembe kwa chembe, mwali ukikaa mbali na chuma,
mpaka kikapu kikatoka kitupu, kilema,
na kipande cha milimita mbili
hakipo.

Milimita mbili za waya
ndani ya baba wa watoto watano.
Nilichuja maji ya ndoo kwa shashi.
Nilipiga magoti na tochi. Niliomba, si kwa sauti.
Kikaonekana kwenye shashi ya tatu, kinang'aa
katikati ya mchanga wa Luvanda.
Nilikiweka juu ya kitambaa cha kijani
na Daktari akakitazama muda mrefu
kuliko alivyolitazama jiwe.

Sasa ni saa kumi. Luvanda ameamka, anataka uji,
anauliza vumbi lake liko wapi.
Mimi nina fomu.
Uzembe. Ajali. Uchakavu. Weka alama moja tu.
Kikapu kipya ni mishahara yangu miwili
na hukaa njiani wiki tatu.
Kwenye orodha wako wanne, mmoja ana mimba.

Kalamu ilisimama juu ya kisanduku cha kwanza.
Nikaisogeza. Ikasimama juu ya cha tatu.
Hakuna kisanduku cha mara kumi na moja.
Nikachukua rula,
nikakichora.