Koti la Maji

Lewa ameileta juu ya mkokoteni,
pikipiki ya maji, imefungwa kwa kamba ya katani,
pua juu, kama mbuzi anayepelekwa mnadani
na ameshajua.
"Inazima," asema. "Nikifika penye kina, inazima.
Jana mgeni kaogelea hadi pwani akinitukana."

Nimefungua kiti. Harufu: petroli, mwani, joto la jana.
Mkono wangu hauingii kule chini.
Wa Jumwa, binti wa dada yangu, unaingia,
mwembamba, umevaa grisi hadi kiwikoni,
naye ananisomea anachokigusa:
nati ya kwanza, hai. Ya pili, hai.
Ya tatu imekunywa chumvi. Ya nne haina kichwa.
Tumeipa mafuta, tumeipa moto, tumeipa subira,
mwisho tumeipa msumeno.

Saa saba bomba la moshi liko mezani.
Mafundi wa madirisha hapa Maweni hawalijui hili:
aluminiamu haioti kutu nyekundu
ukaiona, ukaiogopa.
Huota unga, mweupe, laini, kama wa muhogo;
ukiufuta kwa dole gumba
unaondoka na ukuta.

Na bomba hili lina ngozi mbili.
Ndani hupita moshi, moto wa kuchoma nyama;
juu ya moto, koti,
na koti lenyewe ni maji ya bahari,
yanaingia baridi, yanatoka yakifoka.
Bila hayo mipira ingeyeyuka kabla ya kufika miambani.
Kikulacho ki nguoni mwako,
mama alikuwa akisema, akikung'uta leso.
Hakujua kuna nguo ya maji.

Jumwa anagonga kwa mpini wa bisibisi.
Ngo. Ngo. Ngo.
Pu.
"Hapa, mjomba."
Tumekwangua rangi. Chini ya rangi, gundi ya chuma,
ya kijivu, imelainishwa kwa kidole,
na kidole kimeacha chapa yake:
mistari, na katikati ya mistari, kovu.

Nimeutazama mkono wangu wa kulia.

Miaka minne. Karo ya muhula wa pili.
Mwenyewe wakati ule alikuwa Mwitaliano mwenye haraka ya ndege,
nami nilikuwa na haraka yangu.
Kazi ya siku mbili nikaifanya nusu saa,
nikapaka rangi, nikasema: imepona.

Jumwa ametazama gundi, ametazama kidole,
akaenda kuwasha jenereta
ambayo hatukuihitaji bado.

Nimekata. Ndani ya koti, tope la Sabaki,
jekundu, limeshindiliwa kama udongo wa kukandika,
mvua za bara zilizokuja kulala humu.
Mtungi wa argoni umetoka Mtwapa kwa basi,
umelipiwa kiti chake.
Kiraka nimekichonga kwenye mfuniko wa giaboksi iliyokufa.
Halafu kuchomelea, na hapo huna rafiki:
aluminiamu haikuonyi, haiwi nyekundu,
inang'aa kidogo tu, kama jicho linalotaka kulia,
kisha inaanguka miguuni pako.
Imeanguka mara moja. Nimeanza upya.

Tumeziba ncha kwa mpira wa tairi,
tumejaza upepo kwa pampu ya baiskeli,
Jumwa amepaka sabuni, ameinama, sikio karibu.
Povu limekaa kimya.

"Kiasi gani?" Lewa auliza.
Nimemtajia gesi, nauli ya mtungi, nati nne.
"Na ufundi?"
"Nilishalipwa."
Amenitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi.
Jumwa anapanga spana ambazo zimeshapangika.

"Lakini kila jioni," nimemwambia, "ikitoka baharini
inyweshe maji matamu, dakika tano, mpaka yatoke safi."
"Matamu? Mtungi siku hizi shilingi thelathini!
Dakika tano ni mitungi mingapi?"
Ameanza kuhesabu kwa vidole.
Nimemwacha ahesabu.