Fimbo ya Shaba

Nilinusa kwanza, kabla ya kuona.
Si ndizi, si maziwa yaliyomwagikia jiko:
ni plastiki, inayofikiria kuwa moshi.

Eliangiringa amelala fofofo.
Gari lake la umeme limelala uani chini ya mparachichi,
na kati yao, kupitia dirisha la jikoni,
ule waya mweupe wa kuungia, wa mita kumi,
tulioununua Kiboriloni kwa ajili ya spika
siku ya kipaimara cha Aikande.

Waya wa spika, ulishe gari!
Saa nane mfululizo, bila hata kumeza mate.

Niliigusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ina homa.
Miaka thelathini nimepima paji za nyuso wodini,
naijua homa ya kupoa yenyewe, na ile nyingine.
Sikuichomoa. Sikumwamsha mtu.
Nilikwenda kwenye korido nikashusha swichi kubwa.
Friji ikaguna, ikanyamaza.
Huko Rau nzima, nadhani, vyura wa mfereji tu
ndio waliobaki na umeme wao.

Asubuhi: "Mbona limejaa nusu?"
Nikamwonyesha soketi,
mdomo wake mweusi kama wa mvuta kiko.
Akanywa chai bila sukari,
naye si mtu wa kunywa chai bila sukari.

Jumanne akaja fundi. Nilitazamia mzee na ngazi;
kwenye pikipiki akashuka binti, Haikaeli,
ovaroli imekunjwa mikono, kipimo shingoni.
Gari hakulitazama hata.
"Ardhi yenu iko wapi?"
Eliangiringa akanyoosha mkono juu ya kihamba:
toka mgomba ule mpaka kwa Temba.
Binti akacheka. "Sio hiyo, baba. Ardhi ya umeme."

Hatukuwa nayo.
Miaka ishirini na mbili tumeishi na umeme
usio na pa kukimbilia,
kama mgeni aliyefungiwa chumba kimoja na mbwa.

Akazunguka nyumba, akachokoa udongo kwa kisigino,
akasimama mpakani, penye isale,
pale maji ya mfereji yanapovujia.
"Hapa. Udongo mbichi unasikia."
Na nyundo. Fimbo ya shaba ikazama, shubiri kwa shubiri,
ndefu kuliko mume wangu,
mpaka ikabaki ncha, kama kidole cha mtoto.

Isale likatikisika.
Mama mkwe angekuwapo angeuliza nani kamkosea nani,
maana kwetu jani lile halichumwi bure:
mwenye kosa hulipiga fundo, akampelekea aliyemkosea,
na kesi ikaishia mlangoni.
Basi na shaba hii, nikawaza, ni hivyo hivyo.
Hasira ya nyaya ikipotea njia
ishuke hapa, ikaombe radhi chini,
isipitie kifuani mwa mtu.

Mengine yalikwenda haraka.
Waya wake peke yake toka kwenye mita,
mnene kama kidole gumba.
Sanduku ukutani, juu ya mruko wa matope ya masika.
Ndani yake kikata umeme chenye kitufe;
akakibonyeza: tak!
"Kila mwezi, mama, bonyeza. Kisiporuka, usichaji. Niite."
Eliangiringa alihesabu noti mara mbili,
polepole, kama anayeziaga.

Bado naamka saa tisa, mazoea ya zamu za usiku.
Natoka na kanga mabegani,
naweka kiganja juu ya sanduku.
Baridi. Kataa kidogo ka kijani kanapumua,
na LUKU inakula uniti zake kimyakimya.

Juzi nikakuta jani la isale, limepigwa fundo,
juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni,
pale waya ulipokuwa ukipita.
Sikusema neno. Nimeliacha linyauke palepale.

Lakini ile soketi iliyoungua
hajaibadilisha mpaka leo.