Mtondogoo

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, saa kumi na nusu alfajiri.
Mwasiti anajipaka mafuta mapajani
kama fundi anayelainisha bawaba
za mlango utakaofunguka mara elfu.
Mimi nina baiskeli. Kwenye keria: galoni la maji,
chumvi ndani ya karatasi ya daftari, ndizi, plasta,
viatu vya akiba, na mwavuli aliokwisha kuukataa.
Kilomita arobaini na mbili leo.
Arobaini na mbili kesho. Keshokutwa. Mtondo. Mtondogoo.
Neno hilo la mwisho sikuwahi kujua kazi yake.
Bibi alituambia tu kwamba lipo,
kama chumba cha uani kisicholaza mtu.

Marungu, mwanamke anafagia uwanja,
ananyoosha mgongo: "Msiba uko wapi?"
Maana nani hukimbia kiza hiki asiyekimbilia maiti?
"Hakuna msiba, mama. Nakimbia tu."
"Tu?"
Ile *tu* niliifunga kwenye keria kwa mpira.
Hadi Kigombe ilikuwa nzito kuliko maji.

Kesho yake, pantoni la Pangani.
Alikataa kuketi, miguu isije ikaganda.
Akawa anakimbia papo hapo, baina ya mbuzi na pikipiki,
mpaka mkata tiketi akadai nauli mbili:
"Huyu anavuka mara mbili."
Upana wa mto hakuuhesabu.
"Huo kabebwa mwili, si mimi."

Keshokutwa, mkonge.
Mistari na mistari, kama daftari la mtoto aliyeadhibiwa.
Wakataji waliinua visu, wakauliza:
"Unalipwa kwa tita au kwa siku?"
"Silipwi."
Walicheka hadi mmoja akakaa chini.
Kisha kijana mwenye mabuti ya mpira, wakamwita Sekidele, amrudi,
akaingia barabarani, akakimbia naye bega kwa bega,
bup, bup, bup, hadi mwisho wa shamba.
Hakusema kitu. Akageuka, akarudi kwenye tita lake.
Mwasiti alilia hapo. Nikajidai naangalia mnyororo.

Mtondo.
Ukucha wa pili uling'oka asubuhi, akanipa nimshikie.
"Usinitajie kilomita," alisema. "Nihesabie nguzo za umeme."
Nikahesabu. Mia na kumi. Mia na kumi na moja.
Baada ya Mkwaja nguzo zikaisha.
Nikahesabu vichuguu. Navyo vikaisha.
Nikahesabu pumzi zake, nikapotea,
maana zangu nazo zilikuwa zimechanganyika humo.
Hifadhini askari alitufuata kwa gari, taa zinawaka mchana.
Kinyesi cha tembo katikati ya njia, kingali kinafuka.
"Mwenyewe hajafika mbali," askari akasema,
"na hampendi mtu anayekimbia."
Mwasiti akapunguza mwendo, akatembea kwa adabu hatua hamsini,
kama anayepita mbele ya wakwe,
kisha akaanza tena.

Bagamoyo, stendi, jua la saa nane.
Hakuna utepe. Muuza chipsi anageuza mayai.
"Mmetoka wapi?" "Tanga." "Kwa miguu?" "Yeye."
"Mashindano? Mlikuwa wangapi?"
"Mmoja."
Akafikiri, mwiko hewani.
"Kwa hiyo wa kwanza na wa mkia ni huyuhuyu."
Mwasiti akacheka, mara ya kwanza tangu Pangani,
akashika ukuta ili acheke vizuri,
akateremka kwenye ngazi ya duka kinyumenyume,
kama mtoto anayejifunza.

Usiku ule alilala na viatu.
Mimi niliamka saa kumi na nusu. Hakuna aliyeniita.
Nikajaza galoni, nikakunja chumvi,
nikasimama mlangoni na baiskeli,
nikitafuta siku inayofuata mtondogoo inaitwaje.