Baada ya Kistari

Mkaguzi Mghanga katoka Voi na karatasi yake,
kakaa chini ya feni, Shimanzi, saa nne ya joto,
kalamu imekwama mstari wa saba:
"Toleo nne nukta kumi na nane.
Hili lina tundu, dunia nzima yajua.
Mwezi wa pili huu, na nambari haijasogea."

Haijasogea, kweli.
Nikamwambia, bwana, usiishie kwenye nukta,
vuka kistari:
mia tatu na tano, palipokuwa mia tatu.
Viraka vitano. Kila kimoja nakijua siku yake;
cha tatu nilikishona usiku wa Maulidi,
meli mbili zangoja hati, na Nyevu wa forodha
anapiga simu kama mwenye uchungu.

Waliofuma mfumo hawatupi kitambaa kizima
kila panapotoboka.
Huchana kidogo kwenye toleo la mbele,
wakarudi nacho nyuma, wakakitia humu humu,
ili programu yetu ya makontena, kongwe, yenye deko,
isiamke asubuhi ikajiona ugenini.
Mamangu alitiwa goti la chuma mwaka juzi.
Kipande chake cha serikali ni kile kile,
nambari ile ile,
na ngazi anapanda.

Mghanga kaguna. Kaufuta msalaba wake mwekundu,
kala mahamri mawili, kaenda zake stesheni.

Ndipo nikaiuliza mashine yenyewe,
si daftari la vilivyowekwa:
wewe unayepumua sasa hivi, u nani?
Ikajibu bila haya:
mia tatu na mbili.

Siku mia mbili na kumi na moja haijazimwa.
Viraka vitatu vimo kabatini, hata kile cha Maulidi,
vimekunjwa, vina harufu ya duka,
na yeye yu sokoni na kanzu yenye tundu.

Nikampigia Nyevu: dakika kumi, usinitukane.
Akanitukana.
Nikaandika neno moja. Feni za seva zikanyamaza,
nikasikia, mara ya kwanza mwaka huu,
kunguru wakitembea juu ya mabati.

Ikaamka. Nikauliza tena.
Mia tatu na tano.

Mghanga alikuwa kishafika Mariakani, treni yanguruma sikioni.
Bwana, nikasema, ule msalaba uurudishe.
Kisha uufute upya,
na safari hii uandike saa:
nane na robo.