Hasi

Nilimjua kwanza kwa fomu:
Ngassa Lubinza, miaka thelathini na minne,
mchuna ngozi, machinjio ya Ipuli.
Je, mgonjwa aligusa damu ya mnyama?
Daktari kaandika: kila siku.
Je, aliumwa na kupe?
Daktari kaandika: analicheka swali.

Hakuwa akicheka nilipovaa kumwendea,
glavu mbili mbili, miwani imejaa ukungu wa pumzi yangu,
fizi zake zikivuja taratibu kama bomba la mtaani,
nami nikiutafuta mshipa
kwa vidole visivyohisi kitu.

Mililita tano.
Tyubu nikaiviringishia pamba, nikaitia kwenye kopo,
kopo kwenye boksi, boksi katikati ya barafu,
kama mke anavyoficha pesa za kikoba.
Gari lilitoka Tabora saa kumi alfajiri,
Nzega, Igunga, Singida, mpaka Dar es Salaam
kwenye mashine inayokijua kirusi kwa jina.
Sisi tukabaki na darubini, na malaria,
na kusubiri.

Utotoni, Sikonge, nilikuwa nikiwang'oa kupe
kwenye masikio ya ndama wa baba,
walioshiba, wa kijivu, kama punje za nyonyo.
Tuliwapasua kwa kucha, mimi na kaka zangu,
tukishindana damu ya nani itaruka mbali.
Usiku wa nne nikalikumbuka hilo,
nikanawa mikono tena,
kwa kuchelewa miaka ishirini.

Siku ya tisa simu ikalia.
Nikatoka mbio hadi uani, alipokaa Mbuke, mkewe,
na chupa ya uji isiyofunguliwa.
"Mama, majibu yamekuja. Ni hasi."
Akasimama. "Hasi?
Mume wangu mmemhasi?"

Nikacheka ndani ya barakoa mpaka ikalowa.
Nikamweleza: hasi maana yake haipo,
ile homa tuliyoiogopa haimo mwilini mwake.
"Sasa anaumwa nini?"
Hilo mashine haikuulizwa.

Akakaa, akakizungusha kifuniko cha chupa.
Kisha, bila hasira, kama mtu anayehesabu chenji:
"Na lile shati lake la arusi, mlilolichoma siku ile,
nalo lilikuwa hasi?"