Taarifa ya Katibu, Mwezi wa Kumi

Wanachama wapenzi wa Bonde la Skarva,
mvua imenyesha siku kumi na moja,
mto umepanda hadi ngazi ya tatu ya kibanda,
na mkebe wa kahawa umepungukiwa kroni arobaini.
Sitaji jina. Anajijua,
na sukari anatia vijiko vitatu.

Samoni: thelathini na sita, msimu mzima.
Mwaka nilioanza kushika daftari hili walikuwa mia nne na ushee,
nasi tukanung'unika kuwa ni haba.
Aslaug Brekke alinasa jike wa kilo tisa pale Jiwe la Padri,
akamkinga tumboni kwa viganja viwili
kama aliyepakatishwa mtoto wa watu,
akangoja apumue, akamwachia.
Picha hakuna. Simu ilizama. Tunamwamini.

Kulungu: wawili, dume na ndama.
Mgawo wa nyama ni Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.
Kila mtu na ndoo yake.
Ndoo ya rangi haifai, Oddvar, hata ukiisugua.

Jokofu jipya lilijadiliwa saa mbili na robo.
Halikununuliwa.

Mafunzo ya vijana: walianza watano,
amebaki Ragnfrid, miaka kumi na minne,
atoaye risasi kabla ya kuvuka ua bila kukumbushwa.
Sasa ndiye mwenye zamu
kwenye mtambo wa kurusha visahani.

Na hapo nafika kwenye shindano la Jumamosi,
kalamu ikaanza kuburuta miguu.

Eilif Tveit alikuja na bunduki ya baba mkwe wake,
mitutu miwili, kitako kinang'aa mafuta ya kitani.
Miaka thelathini jina lake lilikaa juu ya ubao;
sisi wengine tuligombea nafasi ya pili.
Leo jicho la kulia lina ukungu,
la kushoto linajifunza kazi ukubwani.
Akaita. Kisahani kikaruka.
Marisau yakaishia kwenye misonobari.
Akaita tena.
Ishirini na nne aliita,
ishirini na nne vikatua vizima matopeni,
ungeweza kuviokota ukavipanga kabatini.
Hakuna aliyecheka.
Oddvar alivua kofia, akajifanya anajikuna.

Cha ishirini na tano kilitoka mtamboni na ufa,
kikapasuka chenyewe hewani, kabla ya mlio.
Nilikuwa hatua nne. Niliona.
Ragnfrid aliona.
Kanuni ya kumi na saba, niliyoipiga chapa mwenyewe, yasema
kilichovunjika chenyewe hakihesabiwi, hurushwa kingine.
Eilif akashusha mtutu.
"Kimevunjika?"
Msichana akanitazama mimi, kisha mto, kisha yeye.
"Kimevunjika."
Wala hakusema uongo.

Asiyekubali kushindwa si mshindani: sawa.
Lakini huyu alikwisha kukubali
mara ishirini na nne mfululizo,
na kila mara akaita kwa sauti ile ile.

Jumatatu alileta bunduki, leseni,
na ufunguo wa kabati la chuma
ukiwa umefungwa kwenye leso.
Fimbo ya kuvulia amebaki nayo.
Samaki, asema, huonekana kwa mkono.
Anatafuta tu wa kumpenyezea uzi kwenye tundu la ndoano,
asubuhi za Jumapili, bila maneno mengi.
Wenye macho waandike majina ubaoni.
La kwanza lipo tayari, kwa mwandiko wa kitoto.

Matokeo kamili yamebandikwa mlangoni.
Mshindi: Aslaug Brekke, ishirini na tatu.
Wa mwisho: Eilif Tveit, moja.
Nimeiandika kwa wino.
Atakayeona kosa alete malalamiko kwa katibu,
kwa maandishi,
pamoja na zile kroni arobaini za kahawa.