Vipimajoto Viwili, Mtaa wa Pasua

Ninakaa Pasua, na mayai yangu hayapasuki.
Cheka. Jirani yangu Apaikunda alishacheka
mpaka akashika ukuta.

Jana ilikuwa siku ya thelathini. Bata hutaka ishirini na nane.
Mayai ishirini na mawili, ndani ya friji bovu
ambalo fundi Shafii alilitia balbu mbili na feni ya kompyuta,
na vifaranga wawili tu, mmoja kitovu wazi,
kiini kikining'inia kama mzigo uliofungwa na mlevi.
Alfajiri nilimkuta amelala ubavu. Sikuwa nimempa jina.

Sasa yaliyobaki nayapasua mimi,
uani, juu ya gazeti la juzi, kwa kisu cha kumenyea ndizi.
Nilikuwa wodi ya watoto njiti miaka thelathini na mmoja.
Naujua ukimya wa kitu kilichokaribia.

La kwanza: maji matupu, dume halikulifikia.
La pili: duara la damu. Siku ya nne, labda ya tano,
usiku ule umeme ulipokatika mpaka wali ukachacha.
La tatu lilinuka kabla sijaligusa;
nikalitupa shimoni, nikanawa mpaka viwiko.
La nne, la tano, la sita, na kuendelea, nikaacha kuhesabu:
wametimia. Manyoya, kucha, utando wa vidole,
na juu ya mdomo lile jino dogo la kutobolea,
jipya, halijatumika.

Hawa hawakufa kwa umeme.
Hawa walikufa wakinisubiri nijue.

Nikaandika kwenye daftari kama ripoti ya zamu.
Kugeuza: mara tano kwa siku, msalaba upande huu, duara upande ule. Sawa.
Unyevu: sufuria ya maji, sponji, na kunyunyizia kila jioni. Sawa.
Asili ya mayai: kwa Kweka wa Rau, mapya, hayakuoshwa. Sawa.
Joto: thelathini na saba na nusu, kila nilipotazama. Sawa.
Sawa nyingi namna hii nilishaziona,
kwenye faili la mtoto aliyekwisha kupoa.

Nikakitoa kile kipimajoto cha dukani, cha shilingi elfu nane,
nikakibana kwapa la kushoto.
La kulia nikaweka cha zebaki, cha kazini,
nilichostaafu nacho na hakuna aliyeniuliza.
Nikakaa juu ya ndoo, mikono imekunjwa
kama kuku anayeatamia. Hapana, kama bata.
Dakika tano. Apaikunda akachungulia, akaona, akaondoka.

Cha kulia: thelathini na sita, pointi sita. Mzima.
Cha kushoto: thelathini na nane, pointi nne. Mgonjwa wa kulazwa.

Mwili mmoja, majibu mawili.
Siku thelathini nimewalaza baridini
nikisoma uongo kwa miwani safi.

*

Julai. Mlima umejifunika gubigubi, haujaonekana wiki nzima.
Mayai kumi na sita, siku ya ishirini na saba.
Kugeuza nimeshaacha. Maji nimeongeza, kioo kinatoa jasho.
Chupa tatu za maji ya moto zimeviringishwa kanga,
maana umeme wa huku una tabia zake.

Apaikunda amekuja na sweta juu ya sweta.
Mfungulie kidogo, anasema, atachoka huyo.
Namwambia mishipa ya utandoni bado ina damu,
ukimsaidia sasa, unamchinja.
Wewe Sista, una roho ngumu.
Sijibu. Nimeikalia mikono yangu.

Saa kumi usiku. Tundu moja, kama punje ya mtama,
saa ya kumi na mbili tangu litobolewe,
na halijaongezeka.
Nasikia sauti ndani, au nataka kuisikia.
Vipimajoto viwili vimelala ubavu kwa ubavu, havigombani.
Nakunywa chai ya jana.
Sifungui.